Damu katika mkojo: hadubini huona nini, na altrasaundi huona nini?

Huenda nawe ni mmoja wa wazazi wa Nairobi au Mombasa ambao Desemba ikifika huwapakia watoto basi na kuwapeleka kwa nyanya yao pwani ya kusini. Tuseme nyanya huyo anakaa Bodo, kule chini ya Msambweni, mahali ambapo ukiiacha barabara kuu ya Lunga Lunga na kushuka upande wa bahari unakutana na mikoko, ngalawa na mashua zinazovusha watu kwenda kisiwa cha Funzi. Watoto wanakula samaki, wanaogelea mchana kutwa, wanarudi Januari wakiwa weusi na wenye afya. Shule zinafunguliwa. Mwezi wa tatu mmoja wao, mvulana wa miaka kumi, anatoka chooni na kukwambia kwa sauti ya chini kwamba mwisho wa mkojo wake umetoka mwekundu.

Utafanya nini? Mzazi wa mjini mara nyingi hukimbilia penye mashine. Atauliza ni wapi pana skani, atalipa, mtoto atalazwa kitandani, atapakwa ute wa baridi tumboni, na kwenye televisheni ndogo litatokea doa jeusi lenye umbo la peasi. Mpimaji atasema kibofu ni kizuri na figo ni nzuri. Mzazi atashusha pumzi, atanunua dawa ya kuua bakteria na kurudi nyumbani akiamini kwamba ugonjwa umetafutwa ukakosekana. Kumbe ugonjwa upo. Umetafutwa kwa chombo kisichoweza kuuona.

Makala haya yanaeleza sababu ya jambo hilo. Ili tuelewane vizuri, itabidi tupite mahali ambapo wasomaji wa magazeti hawapiti mara nyingi, yaani ndani ya majarida ya kisayansi. Usiogope. Sehemu muhimu ya habari hii iliandikwa kutokana na mikojo ya watu wa Msambweni wenyewe.

BAHARI HAINA HATIA

Ugonjwa tunaousema ni kichocho cha kibofu. Huletwa na minyoo midogo, ya urefu wa sentimita moja hadi mbili, ambayo huishi dume na jike pamoja katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Jike hutaga mayai kila siku, kwa makumi na hata kwa mamia. Kila yai lina mwiba mmoja nchani. Mayai mengine hupenya ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo, na kupenya huko ndiko kunakoleta damu. Mengine, na si machache, hukwama katika nyama na kubaki humo. Kumbuka hayo yaliyokwama, maana tutayarudia.

Yai likifika kwenye maji baridi huanguliwa. Kijidudu kinachotoka humtafuta konokono wa aina maalumu, huzaana ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha hutoka wakiwa viluwiluwi wadogo wenye mkia uliogawanyika. Hao ndio huipenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Hawahitaji kidonda wala hawahitaji mtu ayanywe maji. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, karibu na adhuhuri, saa zile zile ambazo watoto hupenda kuoga.

Konokono huyo haishi katika maji ya chumvi. Kwa hiyo mtoto aliyeshinda baharini pale Bodo hakuupata ugonjwa baharini. Aliupata siku ile alipofuatana na binamu zake kwenda bara kidogo, kwenye ziwa la mvua lenye mayungiyungi, ambako wenyeji hufua na ng'ombe hunywa. Huenda alikaa humo robo saa tu. Katika eneo la Msambweni, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la American Journal of Tropical Medicine and Hygiene ulimtaja konokono aitwaye Bulinus nasutus kuwa ndiye mwenye kosa. Ni mdogo, rangi yake ni ya udongo, na gamba lake limejisokota kuelekea kushoto. Ziwa likikauka hajali. Hujizika katika tope, husubiri, na mvua ikinyesha hurudi kazini. Ndiyo maana kukauka kwa ziwa wakati wa kaskazi si dalili ya usalama wa msimu ujao.

Mwaka huo huo jarida hilo lilichapisha pia ramani za ugonjwa katika kijiji cha Milalani, karibu na Msambweni. Watafiti waliitazama nyumba moja moja na ziwa moja moja, na kuona jinsi maambukizo yanavyojikusanya kufuatana na maji ambayo watu hutumia. Watu wa pale huenda waliijua habari hiyo zamani. Lakini kujua kwa mazoea ni jambo moja, na kuonyesha kwa hesabu ili serikali ikubali kutoa dawa ni jambo jingine.

JARIDA LA KISAYANSI NI KITU GANI?

Hapa tusimame kidogo. Gazeti unalolishika huandikwa leo na kusomwa kesho. Jarida la kisayansi haliendi mbio hivyo. Mtafiti huandika alichofanya: alipima watu wangapi, wa umri gani, kwa chombo gani, na akapata nini. Mhariri huipeleka hati hiyo kwa wataalamu wengine wa kazi hiyo hiyo, ambao mara nyingi majina yao hayatajwi, waikague na kuichokoa. Ikipita, huchapishwa, na mtu yeyote duniani anaweza kurudia kazi ile ajionee kama ni kweli.

Utaratibu wa kuchapisha namna hii ni wa kale. Jarida la Philosophical Transactions la Uingereza lilianza mwaka 1665. Mwaka 1677 lilichapisha barua ya muuza vitambaa mmoja wa mji wa Delft huko Uholanzi, Antoni van Leeuwenhoek, aliyekuwa akisaga vioo vyake mwenyewe na kuona viumbe wadogo ndani ya tone la maji. Hakuwa daktari, wala hakusoma chuo kikuu. Vivyo hivyo mnyoo wa kichocho uliingia katika elimu kwa njia ya barua. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliuona mwaka 1851 katika maiti huko Cairo, akamwandikia mwalimu wake Ujerumani, na barua zake zikatiwa katika jarida la elimu ya wanyama. Mwaka 1910 British Medical Journal lilieleza jinsi Marc Armand Ruffer alivyoyakuta mayai ya mnyoo huo katika figo za maiti za Wamisri wa kale waliokaushwa, watu waliokufa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Ukisikia mtu akisema kichocho ni ugonjwa wa juzi, mwambie asome hilo.

Siku hizi majarida ni maelfu, na kila fani ina lake. Yako ya altrasaundi peke yake, yako ya hadubini, na yako ya fizikia ya mambo yaendayo kasi kupita kiasi, ambamo wataalamu hupima mwanga unaowaka na kuzimika ndani ya sehemu ya sekunde isiyoweza hata kufikirika. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2023 ilikwenda kwa watu watatu wa fani hiyo, Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier. Mzazi wa mtoto wetu hana haja ya kufika huko. Lakini jambo moja linayaunganisha majarida hayo yote: kila chombo cha kuonea kina kipimo ambacho chini yake hakioni. Mtu akilielewa hilo hatapoteza fedha zake kwa skani isiyo na kazi.

BILDI YA SAUTI

Nahodha wa zamani akitaka kujua kina cha maji hushusha bildi. Kamba ikigusa chini, huhesabu pima. Altrasaundi ni bildi ya sauti. Kifaa kinachoshikwa mkononi hutoa sauti kali mno isiyosikika. Sikio letu huishia mitetemo 20,000 kwa sekunde, lakini altrasaundi ya tumbo hutumia kiasi cha milioni tatu na nusu. Sauti hiyo husafiri katika nyama laini za mwili kwa mwendo wa karibu mita 1,540 kwa sekunde, hugonga ukuta wa kiungo na kurudi kama mwangwi. Ukuta ulio sentimita tano chini ya ngozi hurudisha mwangwi wake baada ya kama sehemu 65 za sekunde iliyokatwa vipande milioni moja. Mashine huhesabu muda huo na kuugeuza kuwa picha. Mkojo ni maji, na maji safi hayarudishi mwangwi, basi kibofu kilichojaa huonekana kama doa jeusi lenye ukuta mweupe pembeni.

Sasa piga hesabu ndogo. Gawanya mita 1,540 kwa mitetemo milioni tatu na nusu. Utapata urefu wa wimbi moja, nao ni karibu nusu ya milimita, kwa usahihi zaidi milimita 0.44. Yai la kichocho lina urefu wa kama milimita 0.15, theluthi moja tu ya wimbi hilo. Ni sawa na kumtafuta dagaa kwa wavu wa kuvulia papa. Yai hupita kwenye macho ya wavu. Mashine iwe mpya namna gani, na mpimaji awe hodari namna gani, altrasaundi ya tumbo haiwezi kukuonyesha yai hilo, na kwa kawaida haikuonyeshi hata mnyoo wenyewe mshipani.

Hadubini hutumia mwanga, na wimbi la mwanga ni fupi mno, kiasi cha nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hadubini yai la kichocho ni jitu. Fundi wa maabara mwenye uzoefu hulitambua kwa mtazamo mmoja, kwa ajili ya ule mwiba nchani. Kazi yake si ngumu: mkojo wa mililita kumi husukumwa kwa bomba la sindano kupitia kichujio chenye vitundu vidogo, mayai hubaki juu, kichujio huwekwa kwenye kioo na mayai kuhesabiwa. Njia ya kuhesabu haraka namna hiyo ilielezwa mwaka 1976 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, na miongoni mwa walioandika walikuwamo wanasayansi wa Kenya, J. H. Ouma na T. K. Arap Siongok. Mpaka leo kipimo ni kile kile: mayai 50 au zaidi katika mililita kumi huitwa maambukizo makali.

Je, basi altrasaundi ni kazi bure? La, hasha. Hadubini nayo ina upofu wake. Huona mayai yaliyotoka, wala haijui yaliyobaki. Rudi kwenye yale mayai niliyosema hukwama. Mwili huyazingira, hufanya uvimbe, kisha makovu. Ukuta wa kibofu huwa mnene, vinyama huota ndani, mdomo wa mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo huziba. Mkojo hurudi nyuma, figo huvimba polepole pasipo maumivu. Baada ya miaka mingi minyoo huweza kuwa imezeeka na kufa, mkojo ukapungua mayai au ukakosa kabisa, na hadubini ikaandika "hakuna kitu", huku kibofu kimekakamaa na figo inaharibika. Hapo ndipo bildi ya sauti inapofaa. Hadubini hukuambia kama mchomaji yumo nyumbani. Altrasaundi hukuambia nyumba imeungua kiasi gani.

YALIYOPATIKANA MSAMBWENI

Kabla altrasaundi haijaenea, aliyetaka kuona figo za mgonjwa alipaswa kumdunga dawa mshipani na kumpiga eksirei nyingi mfululizo. Si kazi ya kufanyia watoto mia moja wa shule ya kijijini. Mwaka 1979 kundi la K. S. Warren na wenzake, Ouma na Arap Siongok wakiwamo, lilichapisha habari za kichocho cha Mkoa wa Pwani kama ulivyoitwa wakati huo, na swali lao lilikuwa: je, mwenye mayai mengi ndiye mwenye madhara mengi? Mwaka 1985 The Lancet likachapisha utafiti wa wataalamu wa Uswisi juu ya faida ya altrasaundi katika kichocho cha kibofu. The Lancet ndilo lile lile ambalo mwaka 1958 lilikuwa limechapisha picha za altrasaundi za Ian Donald wa Glasgow, aliyewatangulia madaktari wengi kutumia sauti kuchungulia matumbo ya wanawake. Mashine ikawa ndogo, ikawekwa garini, ikafika vijijini.

Huku kwetu, tangu mwaka 1984, Idara ya Magonjwa Yaenezwayo na Wadudu ya Wizara ya Afya ya Kenya pamoja na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani waliendesha mradi uliojulikana kwa jina la Msambweni. Wanafunzi walipimwa mkojo na kupewa dawa mwaka hata mwaka. Makala ya mwaka 1988 ya Charles King na wenzake ilipambanisha dawa mbili, metrifoneti na prazikwanteli, na nyingine ya mwaka huo huo ikaeleza jinsi madhara ya njia ya mkojo yanavyofuatana na umri na wingi wa mayai. Mradi uliendelea hadi miaka ya mwanzo ya tisini, kisha dawa za kila mwaka zikakoma.

Wengi hudhani habari iliishia hapo. Kwa maoni yangu, sehemu bora ndiyo ilikuwa inaanza. Watoto wale walikua, wakaoa na kuolewa. Mwaka 2005 Ouma, King, Eric Muchiri na wenzao walichapisha matokeo ya kurudi Kwale na kuwatafuta watu waliotibiwa utotoni, miaka 10 hadi 18 nyuma, kisha kuwalinganisha na wenzao wa eneo hilo ambao hawakupata dawa zile. Wote walipimwa mkojo, na wote walitazamwa kwa altrasaundi. Waliotibiwa wakiwa watoto walikuwa na madhara machache zaidi ya kibofu.

Fikiria maana yake. Watu hao hawakuhama. Maji yao ni yale yale, na hapana shaka wengi waliambukizwa tena baada ya shule. Hata hivyo vidonge walivyomeza wakiwa darasani vilikuwa bado vinawafaa wakiwa watu wazima. Hadubini peke yake isingeweza kulionyesha jambo hilo, maana ingeona mayai mapya na kusema kazi ile ya zamani ilipotea bure. Ilihitajika picha ya ukuta wa kibofu.

Huko Tanzania, Christoph Hatz na wenzake walifuatilia watoto wa shule wa kusini mashariki mwa nchi kwa miezi 24 baada ya dawa, wakitazama vibofu kwa altrasaundi, na wakachapisha mwaka 1998. Kibofu cha mtoto kina tabia njema: kikitibiwa mapema, uvimbe mwingi hunywea ndani ya miezi michache. Ila minyoo mipya ikiingia, uvimbe nao huweza kurudi. Kovu la mtu mzima ni mkaidi zaidi. Ndiyo maana ile kauli inayosikika katika vijiji vingi vya Afrika, kwamba mvulana akikojoa damu ndiyo amebaleghe, ni kauli ya hatari. Humfanya mzazi angoje wakati ule ule ambao dawa ingefuta madhara mengi. Tena Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliutia mnyoo huu mwaka 1994 katika orodha ya vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, yaani ya kibofu.

Nina lalamiko moja dogo. Karibu yote niliyokueleza yameandikwa kwa Kiingereza kigumu, katika majarida ambayo kwa miaka mingi yalikaa kwenye maktaba za vyuo vikuu. Mtu wa Milalani aliyetoa mkojo wake hakuwa na njia ya kusoma ulichosema. Sasa makala nyingi za namna hii husomwa bure kwenye intaneti. Kijana wako wa sekondari anaweza kukusomea muhtasari ulio juu ya ukurasa wa kwanza. Mwambie atafute mambo mawili: waliopimwa ni wangapi, na walilinganishwa na nani. Makala isiyo na wa kulinganishwa naye isikutie wasiwasi wala furaha haraka.

WASICHANA NA WANAWAKE

Mengi ya hapo juu yamemzungumzia mvulana kwa kuwa damu yake huonekana. Msichana huweza kufichwa na hedhi. Isitoshe, mayai yale yale hukwama pia katika mlango wa uzazi na ukeni, yakaleta vidonda, kutokwa na damu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na pengine ugumba. Mwanamke wa namna hiyo akifika zahanati mara nyingi hutibiwa magonjwa ya zinaa, na akirudi nyumbani huenda akakuta ndoa imeingia shaka. Altrasaundi ya kibofu haionyeshi vidonda hivyo. Mkojo wake pia huweza kukosa mayai. Huhitaji kutazamwa na mhudumu anayejua anachotafuta. Kwa hiyo dada uliyekulia Msambweni, Kinango au Pemba na unasumbuliwa na hali hiyo, mwambie daktari wako wa mjini ulikulia wapi na uliogelea wapi. Sentensi hiyo moja huweza kubadili matibabu yote.

TURUDI KWA MTOTO WETU

Viluwiluwi walioingia mwezi wa Desemba hawatagi Januari. Minyoo huhitaji miezi miwili hadi mitatu kukua, na ndiyo sababu damu ilionekana mwezi wa tatu. Mzazi mwangalifu anayempima mtoto wiki moja baada ya likizo atapewa jibu la "hana", na jibu hilo halina thamani. Hata dawa ikitolewa mapema mno haifai sana, kwa sababu prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, na ile michanga huiponyoka.

Basi anza na hadubini. Ni rahisi kwa bei, na ndiyo inayoona yai. Mweleze fundi wa maabara kwamba mtoto aliingia maji baridi ya Kwale, maana fundi wa mjini ambaye hakuambiwa huenda akatafuta bakteria na seli za usaha tu. Jibu likiwa halina mayai na damu bado ipo, rudia siku nyingine, kwani mayai hayatoki sawasawa kila siku. Mayai yakikosekana kabisa, daktari atafute sababu nyingine, kama vijiwe, selimundu au maradhi ya figo. Na kwa mtu mzima mwenye umri mkubwa, damu katika mkojo isipuuzwe hata kama aliwahi kuugua kichocho.

Dawa hupimwa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 30 humeza miligramu 1,200, yaani vidonge viwili vya miligramu 600, naye awe amekula kwanza. Kizunguzungu na maumivu ya tumbo ya muda mfupi hutokea, hasa kwa wenye minyoo mingi. Kwa watoto wadogo kabisa, dawa ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa ajili yao ilipata maoni mazuri ya mamlaka ya dawa ya Ulaya mwezi Desemba 2023, na Shirika la Afya Duniani likaiidhinisha mwaka 2024. Usinunue vidonge kwa kukisia. Zahanati ipo, na mizani ipo. Wiki kadhaa baadaye mkojo upimwe tena, maana huenda kuna minyoo iliyokuwa michanga siku ya dawa ya kwanza.

Altrasaundi ije lini? Ije kama mtoto aliambukizwa mara nyingi, kama damu imedumu kwa miezi, kama kuna maumivu ya kiuno, au kama mtu alikulia kando ya maji hayo na sasa ni mtu mzima. Wataalamu waliokutana Niamey, nchini Niger, mwaka 1996 walikubaliana juu ya namna moja ya kupima, ili picha ya Kwale iweze kulinganishwa na ya Mali au Misri. Kibofu lazima kijae, kwani kibofu kitupu hujikunja na ukuta wake huonekana mnene hata kama hauna ugonjwa. Kikishajaa vizuri, sehemu ya ukuta inayozidi milimita tano hutiliwa shaka. Lakini kibofu kilichojaa mno nacho huweza kuifanya figo nzima ionekane imevimba. Mpimaji akikwambia nenda ukakojoe kisha urudi nikutazame tena, usinung'unike kwamba anakupotezea wakati. Huyo anaijua kazi yake.

Desemba ijayo watoto waende kwa nyanya yao kama kawaida, na bahari ya Bodo waioge watakavyo. Maji ya ziwa yakihitajika nyumbani kwa kuogea, yachotwe bila konokono na yakae siku mbili kabla ya kutumiwa, kwani viluwiluwi hawaishi zaidi ya hapo. Kisha mwezi wa tatu, hata kama hakuna damu inayoonekana, peleka mkojo maabara. Usiuchukue alfajiri kama vipimo vingine. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na mtoto akikimbia kimbia kidogo uwanjani kabla ya kukojoa ndiyo vizuri zaidi.